Kidonda Kisichopona: Damu Inavyoganda Ndani ya Saratani ya Kinywa

Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui mkoani Tabora, ipo katika nchi ya tumbaku. Katika vijiji vya wilaya hiyo zao hili huoteshwa kitaluni, huhamishiwa shambani, hukaushwa mabanini na kupelekwa sokoni. Ada za shule, bati za nyumba na nauli za wagonjwa hutoka humo. Wapo pia wanaoitumia. Wengine huivuta, wengine huinusa, wengine huweka ugoro ndani ya mdomo wa chini au shavuni. Mtumiaji wa namna hiyo akipata kidonda pembeni mwa ulimi, kwanza hudhani ni jino lililochongoka linalomkwaruza. Hununua dawa ya maumivu, husukutua kwa maji ya chumvi, husubiri. Kidonda hutoa damu kidogo asubuhi anapopiga mswaki, kisha damu huganda, kisha hutoka tena. Miezi hupita, na siku anapofika hospitali ulimi umekwisha kuwa mgumu na tezi za shingo zimevimba.

Damu hiyo inayotoka na kuganda, kisha ikatoka tena, ina habari ya kueleza. Katika miongo ya karibuni watafiti wa saratani wamebaini kwamba jeni na protini zinazoigandisha damu hazibaki pembeni uvimbe wa kinywa unapokua. Hutekwa na uvimbe na kutumikishwa kwa faida yake. Elimu hiyo huonekana kuwa ya maabara za mbali, isiyomhusu tabibu wa zahanati wala mkulima mwenye kidonda. Mtazamo huo haufai. Elimu ya kuganda kwa damu inaeleza kile ambacho mhudumu wa afya wa Uyui anakiona kwa macho yake, inamwonya mgonjwa kuhusu hatari asiyoifahamu, na inadai jambo ambalo mfumo wa afya unaweza kulitekeleza sasa: kinyama kichukuliwe mapema, kihifadhiwe ipasavyo, na majibu yake yamrudie mwenyewe.

Jeraha la kawaida linavyofungwa

Ili kuuelewa upotovu ni lazima kwanza kuielewa kawaida. Mkulima anapojikata kwa jembe, ukuta wa mshipa hupasuka na damu hukutana na seli zilizo nje ya mshipa. Seli hizo zina protini iitwayo fakta ya tishu, ambayo mwilini huwekwa mbali na damu. Inapokutana na fakta ya 7 inayozunguka katika damu, mlolongo huanza. Fakta moja huiamsha nyingine, hadi inapopatikana thrombini. Nayo thrombini huigeuza fibrinojeni, ambayo ni protini iliyoyeyuka katika damu, kuwa nyuzi za fibrini. Chembe sahani hujikusanya na kunasana na nyuzi hizo, na bonge la damu huziba tundu.

Kazi haiishii hapo. Bonge likidumu kuliko inavyohitajika, huziba njia ya damu. Kwa hiyo mwili una protini nyingine za kulizuia na kuliondoa. Thrombomodulini, iliyo juu ya ukuta wa ndani wa mshipa, huikamata thrombini na kuibadilisha kazi, ikawa msaidizi wa kuzuia kuganda badala ya mgandishaji. Urokinesi huzalisha plazmini, ambayo hukata nyuzi za fibrini. Na ili plazmini isianze kazi kabla ya wakati, ipo protini iitwayo PAI-1 inayoizuia urokinesi. Jeraha hupona kwa sababu kila kazi huanza kwa wakati wake na hukoma kwa wakati wake.

Kila moja ya protini hizi huundwa kwa maelekezo ya jeni yake. Fakta ya tishu hutokana na jeni F3, iliyo katika kromosomu ya 1. PAI-1 hutokana na jeni SERPINE1, iliyo katika kromosomu ya 7. Fakta nyingi za kugandisha damu hutengenezwa na ini, na ndiyo maana mgonjwa wa ini hutokwa damu kwa urahisi. Lakini fakta ya tishu haitegemei ini. Hutengenezwa na seli za mahali husika, na hapo ndipo saratani inapopata mwanya.

Uvimbe unaojifanya jeraha

Zaidi ya asilimia 90 ya saratani za kinywa huanzia katika seli bapa zinazofunika ulimi, sakafu ya mdomo, fizi na mashavu. Seli hizo zinapogeuka kuwa za saratani, mara nyingi huongeza kiasi cha fakta ya tishu juu ya uso wao. Wakati huohuo uvimbe hutoa protini zinazoifanya mishipa midogo ya jirani ivuje. Fibrinojeni huchuruzika kutoka katika damu hadi ndani ya uvimbe, hukutana na fakta ya tishu, na huganda kuwa wavu wa fibrini. Matokeo ni kwamba ndani ya uvimbe kuna hali inayofanana na jeraha bichi, ingawa hakuna aliyejikata.

Wavu huo hauponyi kitu. Katika jeraha la kawaida fibrini ni jukwaa la muda ambalo seli za uponyaji hulipanda na kulijenga upya. Katika uvimbe jukwaa hilo hutumiwa na mishipa mipya ya damu inayoulisha uvimbe, na seli za saratani hupita juu yake kuelekea tishu za jirani. Mwaka 1986 mwanapatholojia wa Marekani Harold Dvorak aliieleza saratani kuwa jeraha lisilopona. Maelezo hayo yanaafikiana na kile anachokikuta mganga mfawidhi wa zahanati anapomwambia mgonjwa afungue mdomo: kidonda chenye kingo ngumu zilizoinuka, kinachotoa damu kikiguswa, na kisichofunga hata baada ya majuma ya dawa. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Hapa hata hilo kovu halipo.

Thrombini nayo haifanyi kazi ya kugandisha pekee. Juu ya seli kuna vipokezi vinavyoitambua, kimojawapo kikiwa PAR-1. Thrombini inapokigusa kipokezi hicho juu ya seli ya saratani, seli hupata ishara ya kukua na kusogea. Chembe sahani pia hutumikishwa. Seli ya saratani inapoingia katika mshipa, chembe sahani huizunguka na kuificha isionwe na seli za kinga, mithili ya msafara wa zamani wa Unyamwezi uliopita katika nchi ya hatari ukiwa umezungukwa na askari wenye bunduki. Seli isiyo na ulinzi huo huangamia njiani kwa urahisi zaidi; yenye ulinzi ina nafasi kubwa zaidi ya kufika na kuanzisha makazi mapya katika mapafu au kwingineko.

Zipo pia protini zinazopungua. Uchunguzi wa sampuli za saratani ya kinywa umeonyesha kwamba thrombomodulini, ambayo huonekana wazi katika seli bapa zenye afya, hupungua katika uvimbe wenye tabia kali. Seli inapoipoteza, huwa imepoteza breki mojawapo.

Jeni nzima zilizoamrishwa vibaya

Wengi wakisikia neno jeni katika habari za saratani hufikiri juu ya jeni iliyoharibika. Kwa jeni za kuganda kwa damu hali ni tofauti, na tofauti hiyo ina uzito. Mwaka 2015 mradi mkubwa wa Marekani wa kuchora ramani ya jeni za saratani ulichapisha uchambuzi wa sampuli 279 za uvimbe wa kichwa na shingo. Jeni iliyokutwa imeharibika mara nyingi zaidi ilikuwa TP53, inayolinda seli dhidi ya kugawanyika ovyo. Na katika saratani zitokanazo na tumbaku uharibifu huo ni wa kawaida. Jeni kama F3 na SERPINE1 hazimo miongoni mwa zile zinazojulikana kwa kuharibika. Maandishi yake kwa kawaida ni mazima. Kilichobadilika ni kiasi cha kusomwa kwake: seli huzisoma kupita kiasi na kutengeneza protini nyingi kuliko inavyotakiwa.

Anayeamrisha usomaji huo ni nani? Mwaka 2005 watafiti wa saratani ya utumbo mpana walionyesha kwamba jeni mbili zilizoharibika, KRAS na TP53, huifanya seli itengeneze fakta ya tishu kwa wingi. Kwa maneno mengine, uharibifu uleule unaoianzisha saratani ndio unaoamuru damu igande. Kuganda kwa damu si ajali inayotokea baada ya saratani kukomaa. Kunaweza kuwa sehemu ya ugonjwa tangu mapema. Na kwa mtumiaji wa tumbaku ya kuvuta au ya kuweka mdomoni, kemikali zinazoiharibu TP53 ni zilezile anazozigusisha na ngozi ya ndani ya mdomo wake kila siku. Akiongeza pombe, hatari haijumlishwi tu, huzidishwa.

PAI-1 inatoa funzo la tahadhari. Kwa kuwa kazi yake ni kuizuia urokinesi, na urokinesi huisaidia seli ya saratani kukata njia katika tishu, mtu angetarajia kwamba uvimbe wenye PAI-1 nyingi ungekuwa mpole. Imeonekana kinyume chake. Katika saratani ya kinywa, kama ilivyo katika ya matiti, PAI-1 nyingi huambatana na ugonjwa mkali zaidi. Maelezo yanayokubalika ni kwamba protini hiyo hufanya kazi nyingine pia: huisaidia seli kujinasua mahali iliposhikamana na kusogea, na husaidia mishipa mipya kuota. Mwenye kuisoma biolojia kwa kukisia kutoka katika jina la protini atapotea njia. Ndiyo sababu sampuli halisi za wagonjwa halisi hazina mbadala.

Dawa ya kuzuia damu kuganda si tiba ya saratani

Hapa huzuka swali ambalo mgonjwa mwerevu hawezi kukosa kuliuliza. Ikiwa saratani hujinufaisha kwa kuganda kwa damu, kwa nini wagonjwa wote wasipewe heparini, wafarini, au walau aspirini ya kila siku? Swali hilo limeulizwa na watafiti pia, na limejaribiwa. Nchini Uingereza zaidi ya wagonjwa 2,000 wa saratani ya mapafu waligawanywa kwa nasibu. Nusu walipewa heparini pamoja na matibabu ya kawaida, nusu hawakupewa. Heparini ilipunguza mabonge ya damu, lakini wagonjwa hawakuishi muda mrefu zaidi, na waliotokwa damu waliongezeka. Miongozo ya kimataifa ya saratani kwa sasa haipendekezi dawa hizo zitolewe kwa lengo la kurefusha maisha kwa mgonjwa asiye na bonge la damu.

Kwa saratani ya kinywa hoja ya tahadhari ina nguvu zaidi, kwa kuwa uvimbe wenyewe uko wazi na huvuja damu. Mgonjwa anayejinunulia aspirini dukani kila siku kwa ajili ya maumivu ya ulimi anaweza kufika kwenye upasuaji akiwa katika hatari kubwa zaidi ya kutokwa damu. Kila anayemhudumia mgonjwa wa namna hii anapaswa kumuuliza ametumia nini, ikiwa ni pamoja na dawa za asili, na kuuliza kwa heshima isiyomfanya afiche.

Hata hivyo elimu hii haikuishia mikono mitupu. Mwaka 2021 Marekani iliidhinisha dawa ya tisotumab vedotin kwa wagonjwa wa saratani ya mlango wa kizazi iliyorejea au kusambaa. Dawa hiyo ni kingamwili inayoitafuta fakta ya tishu juu ya seli ya saratani, hujishikiza hapo, na kuingiza sumu ndani ya seli. Haijaribu kuzuia damu isigande. Inaitumia fakta ya tishu kama anwani ya nyumba ya adui. Imefanyiwa majaribio pia kwa saratani za kichwa na shingo. Ni dawa ghali, na haijawa jibu la mkulima wa Uyui. Lakini inathibitisha kwamba kuijua protini iliyo juu ya uvimbe kunaweza kugeuka kuwa matibabu.

Bonge la damu na safari ndefu

Uhusiano wa saratani na kuganda kwa damu haubaki ndani ya uvimbe. Daktari wa Paris, Armand Trousseau, aliueleza mwaka 1865 alipoona wagonjwa wa saratani wakipata mabonge katika mishipa ya miguu na mikono. Baadaye aliziona dalili hizohizo mwilini mwake, akatambua maana yake, na akafariki mwaka 1867 kwa saratani ya tumbo. Leo inafahamika kwamba mgonjwa wa saratani ana uwezekano wa kupata bonge la damu katika mshipa kati ya mara 4 na 7 zaidi ya mtu asiye na saratani. Saratani ya kinywa haimo miongoni mwa zinazoongoza kwa hatari hiyo, kama ilivyo ya kongosho au ya tumbo, lakini upasuaji mkubwa, matibabu ya dawa na kulala kitandani muda mrefu huiongeza.

Kwa mgonjwa wa Isikizya ipo sababu nyingine, nayo ni barabara. Kutoka zahanati ya kijiji huenda hospitali ya wilaya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete mjini Tabora. Kutoka hapo huweza kupelekwa Bugando jijini Mwanza, au Muhimbili na Taasisi ya Saratani ya Ocean Road jijini Dar es Salaam. Kwa reli ya kati, Tabora na Dar es Salaam zimetengwa na kilomita 840. Ni njia ileile iliyopitwa na misafara ya karne ya 19. Mgonjwa aliyedhoofika, asiyeweza kunywa maji vizuri kwa sababu ya maumivu ya mdomo, akikaa kitini saa nyingi miguu ikining'inia, damu yake hupita polepole katika mishipa ya miguu. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo alipoifunga njia ya magharibi mwa Tabora, misafara iliyokwenda Ujiji ililazimika kuzunguka kusini. Damu ya mguuni nayo ikizibwa huweza kuzunguka kupitia mishipa ya pembeni, lakini hilo haliondoi hatari. Na kipande cha bonge kikikatika na kufika mapafuni, huweza kuua kwa muda mfupi.

Kwa hiyo barua ya rufaa haitoshi. Mgonjwa na ndugu anayemsindikiza wanapaswa kuambiwa kabla ya kuondoka: anywe maji kadiri anavyoweza, achezeshe vifundo vya miguu akiwa ameketi, ashuke na kutembea kila chombo kinaposimama. Wanapaswa pia kuzijua dalili za hatari, ambazo ni mguu mmoja kuvimba na kuuma kuliko mwingine, kubanwa pumzi ghafla, maumivu ya kifua yanayozidi akivuta hewa, na kukohoa damu. Akiziona njiani, asisubiri kufika mwisho wa safari. Ashuke aende hospitali iliyo karibu. Maelezo hayo huchukua dakika 5 na hayagharimu shilingi.

Chupa ya formalini

Wapo watakaosema kwamba kuzungumzia jeni mahali ambapo glavu huisha kabla ya mwezi kuisha ni kejeli. Pingamizi hilo lina haki ya kusikilizwa. Ni kweli kwamba hakuna zahanati itakayopima F3, wala haihitajiki. Lakini pingamizi hilo husahau mlolongo ulivyo. Kipimo chochote cha juu, kiwe cha kutambua saratani kwa darubini, cha kupaka rangi protini za uvimbe, au cha kusoma jeni zake, husimama juu ya hatua mbili za chini: mtu aliyetazama mdomoni, na kinyama kilichohifadhiwa vizuri. Hatua hizo zikikosekana, mashine ya bei yoyote katika jiji lolote haina la kusoma.

Kutazama mdomoni kunahitaji mwanga, kipande cha gozi na vidole viwili vyenye glavu. Mgonjwa hutoa ulimi, mhudumu huushika kwa gozi na kuuvuta taratibu kushoto na kulia, hutazama chini yake, ndani ya mashavu, juu ya fizi na kwenye kaakaa, kisha hupapasa shingo. Kidonda kisichopona kwa wiki 2 baada ya kuondolewa kinachokikwaruza, baka jeupe au jekundu lisilofutika, uvimbe mgumu, ganzi ya mdomo, au jino lililolegea bila kuoza, vyote vinataka rufaa. Jino lililolegea namna hiyo lisingʼolewe kwa haraka, kwani pengo litakalobaki huenda lisifunge, na uvimbe uliojificha chini yake utakuwa umefunguliwa njia. Mtu aliyekwisha kung'olewa jino na shimo lake likakataa kupona naye ni wa kutazamwa upya, si wa kurudishiwa dawa zilezile.

Kuhifadhi kinyama kunahitaji chupa ya mdomo mpana yenye formalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa. Kipande kikatwe ukingoni mwa kidonda, mahali pagumu penye uhai, na si katikati palipooza. Formalini iwe walau mara 10 ya ujazo wa kipande. Chupa iandikwe jina, tarehe na mahali kipande kilipotoka, na kipande kikae humo kati ya saa 6 na 72 kabla ya kuandaliwa. Kipande kilichotumbukizwa katika maji ya chumvi huanza kuoza kabla ya kufika maabara. Protini zake huharibika, na mgonjwa huitwa tena kukatwa mara ya pili. Pengo kati ya Isikizya na sayansi ya jeni, likipimwa kwa haki, ni pana kama mdomo wa chupa hiyo.

Kinachodaiwa, na anayedaiwa

Duniani kote, makadirio ya mwaka 2022 yalihesabu takriban wagonjwa wapya 389,000 wa saratani ya mdomo na kinywa, na vifo takriban 188,000. Saratani hii ikikamatwa ikiwa ndogo, upasuaji mara nyingi hutosha. Ikikamatwa baada ya kufika shingoni, mgonjwa hupoteza sehemu ya ulimi au taya, na nafasi ya kupona hupungua sana. Tofauti kati ya hali hizo mbili mara nyingi ni miezi michache ya kusubiri.

Katika mkoa wa Tabora jambo hili haliwezi kuzungumzwa bila kuitaja tumbaku, na haifai litajwe kwa kumlaumu mkulima. Mpango wa karanga wa serikali ya kikoloni uliposhindwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, Urambo iligeuzwa kuwa eneo la tumbaku, na zao hilo likaendelea kuenea. Mkulima alirithi uchumi aliokabidhiwa. Kulima tumbaku peke yake hakumpi mtu saratani ya kinywa. Kuitumia ndiko kunakompa. Tanzania iliuridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku mwaka 2007, na mkataba huo, pamoja na kutaka matumizi yapunguzwe, unataka wakulima wasaidiwe kupata shughuli mbadala zenye tija. Sehemu hiyo ya ahadi isisahauliwe.

Halmashauri zinazolima tumbaku hukusanya ushuru wa zao hilo. Ni haki kwamba sehemu ya ushuru huo, hata iwe ndogo, irudi katika vinywa vya walipaji wake: itoe mafunzo ya kutazama mdomo kwa waganga wafawidhi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, inunue formalini na chupa, na ilipe usafirishaji wa sampuli ili kipande kisafiri badala ya mgonjwa, hadi itakapojulikana kama mgonjwa anahitaji kusafiri. Siku za masoko ya tumbaku, wakulima wanapokusanyika kwa mamia, zingefaa sana kwa uchunguzi wa kinywa.

Vyuo vikuu vya tiba navyo vinadaiwa. Ramani ya jeni iliyochapishwa mwaka 2015 ilitokana kwa sehemu kubwa na wagonjwa wa Marekani. Haikuchorwa kwa ajili ya mtu aliyetumia ugoro miaka 30 katika vijiji vya Unyamwezi. Iwapo uvimbe wake huisoma F3 na SERPINE1 kwa namna ileile au kwa namna nyingine, jibu limo katika chupa ambazo bado hazijajazwa. Mtafiti anayezihitaji sampuli hizo ana wajibu wa kuomba ridhaa kwa Kiswahili kinachoeleweka, kumweleza mgonjwa kipi kitampatia faida na kipi hakitampatia, na kuyarudisha majibu kwenye zahanati zilikotoka.

Wajibu huo wa mwisho una uzito wa pekee mahali hapa. Katika njia hii, zamani, pembe za ndovu na watu walishushwa kutoka Tabora kwenda pwani, na faida haikurudi. Sampuli ya uvimbe isishuke kwa namna hiyo. Ikishuka, ipande tena ikiwa jibu lililoandikwa, lenye jina la mgonjwa na hatua ya kufuata, na limfikie akiwa bado anaweza kulisoma kwa sauti yake mwenyewe.